Faili za siri zikifunguliwa: kilichoandikwa, kinachosemwa na kinachosimama kortini

Serikali ya mbali ikifungua makabati yake ya siri, Lubumbashi huchangamka. Sababu inajulikana. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano alasiri ya tarehe 17 Januari 1961, wakafungiwa katika nyumba ya Brouwez, na kabla ya saa nne usiku huohuo walikuwa wameshapigwa risasi porini, kilomita kama 50 kutoka mjini. Miezi minane baadaye ndege iliyombeba Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, alipokuwa anakwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo. Faili za Brussels, Washington na London kuhusu miaka ile zinataja barabara ambazo watu wa hapa wanazipita kila siku.

Ndiyo maana radio trottoir ya hapa, yaani uvumi wa mitaani, haihitaji kusukumwa. Ukurasa mmoja uliopigwa picha, jina moja lililozungushiwa wino mwekundu, na jua likizama kila mtu kuanzia mtaa wa Kenya hadi mtaa wa Katuba anajua nani alimuua nani. Lisemwalo lipo, walisema wahenga, na kama halipo laja. Kwa mazungumzo ya jioni methali hiyo inatosha kabisa. Kortini haitoshi, na sababu zake ni za kiufundi kuliko watu wanavyodhani.

Karatasi inathibitisha nini hasa

Jaji au avoka (wakili) mzoefu akishika waraka, hakimbilii yaliyoandikwa. Kwanza anataka kujua hii ni karatasi ya aina gani. Telegramu ya amri, muhtasari wa mkutano, taarifa ya mpelelezi, barua ya malalamiko, kipande cha gazeti kilichobandikwa: vyote hukaa ndani ya faili moja, na msomaji mwenye haraka huvipa uzito mmoja. Telegramu inathibitisha kwamba siku fulani ofisi fulani ilituma maneno fulani. Taarifa ya mpelelezi inathibitisha kwamba mpelelezi aliandika kuwa aliambiwa. Kati ya "aliambiwa" na "ilitokea" pana mto mpana, na uvumi mwingi huvuliwa humo. Tena faili za idara za usalama zimejaa maneno ya watoa habari, na mtoa habari anayelipwa kwa habari hakosi habari ya kuleta.

Kuna mfano mmoja unaofundisha kuliko yote. Mnamo Oktoba 1960 waziri wa Ubelgiji aliyeshughulikia mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, alituma telegramu Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwenye ujumbe wa kiufundi wa nchi yake ulioitwa Mistebel. Aliandika kwamba lengo kuu, kwa maslahi ya Kongo, Katanga na Ubelgiji, ni wazi kuwa ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja: "élimination définitive". Ukiyasoma maneno hayo huku unajua yaliyotokea Januari, unaona amri ya kuua. Yarudishe kwenye Oktoba yake, uone. Lumumba alikuwa amefutwa kazi na rais Kasa-Vubu tarehe 5 Septemba, bado yuko kwenye makazi yake Léopoldville, Kinshasa ya leo, akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na Brussels inaogopa atarudi madarakani. Tume ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza jambo hili iliyasoma maneno hayo kama kumwondoa kisiasa. Watafiti wengine wanakataa katakata usomaji huo, na hoja zao si nyepesi.

Angalia lakini jinsi waraka huu ulivyo mzuri. Mwandishi anajulikana, tarehe inajulikana, mpokeaji anajulikana, hakuna anayedai ni wa kughushi. Na bado haumalizi ubishi. Nia ya mtu haisomwi kwenye neno moja. Inatafutwa kwenye majibu ya telegramu, kwenye fedha zilizotoka, kwenye amri zilizofuata, kwenye nani alikuwa wapi siku gani. Ikiwa telegramu safi kama hii inasumbua hivyo, fikiria ukurasa usio na kichwa wala mkia ulioingia kwenye simu yako saa tano usiku.

Kuna pia karatasi isiyosema. Tarehe 18 Agosti 1960 baraza la usalama la taifa la Marekani lilikutana mbele ya rais Eisenhower. Mwaka 1975, aliyekuwa mwandishi wa kumbukumbu za mkutano huo, Robert Johnson, aliiambia kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church kwamba alimsikia rais akisema maneno aliyoyaelewa kama amri ya kumuua Lumumba. Muhtasari rasmi hauna maneno hayo. Wengine waliokuwepo walisema hawayakumbuki. Mtaani watu hugawanyika mara moja: wapo wanaosema "serikali imeficha", wapo wanaosema "mzee amechanganyikiwa". Mchunguzi anaandika yote mawili kama yalivyo, ushuhuda mmoja wa kumbukumbu ya miaka 15 na muhtasari mmoja ulio kimya, kisha anatafuta cha tatu.

Na usidhani mhuri hufanya uongo uwe kweli. Tarehe 13 Februari 1961 serikali ya Katanga, kwa kinywa cha waziri wake Godefroid Munongo, ilitangaza kwamba wafungwa watatu walitoroka wakauawa na wanakijiji. Lilikuwa tangazo rasmi kutoka kwa waziri wa serikali, mbele ya waandishi wa habari. Ndani yake mlikuwa na jambo moja tu la kweli: kwamba wamekufa.

Kutaka, kupanga, kutenda

Kosa kubwa la mabishano yetu juu ya Lumumba ni kuyafanya maswali matatu yawe moja. Nani alitaka afe? Nani alipanga afe? Nani alimuua? Sheria ya jinai huyatenga, kwa sababu kila swali lina ushahidi wake na kosa lake.

Faili za Marekani zilizochambuliwa na kamati ya Church zinajibu swali la pili kwa upande mmoja, tena bila kigugumizi. CIA ilikuwa na mpango. Mkemia wake, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville Septemba 1960 na sumu, akamkabidhi mkuu wa kituo, Larry Devlin. Sumu haikutumika, mwishowe ilitupwa mtoni. Kamati hiyohiyo, baada ya kuweka hayo yote hadharani, ilisema haikupata ushahidi unaounganisha mpango huo na risasi za Januari. Watu wengi hunukuu nusu ya kwanza ya ripoti. Wapo wanaonukuu ya pili tu, hasa wanaotaka kuisafisha Washington. Ripoti ina nusu zote mbili, na hazipingani: unaweza kupanga kumuua mtu, ukashindwa, akauawa na mwingine karibu miezi minne baadaye.

Swali la tatu ndilo lenye majibu mengi kuliko watu wanavyofikiri, na majibu yake yako Katanga. Kikosi cha kupiga risasi kilikuwa cha askari wa Katanga. Maafisa Wabelgiji waliokuwa chini ya mamlaka ya Katanga, wakiwemo kapteni Julien Gat na kamishna wa polisi Frans Verscheure, walikuwepo. Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwepo. Baadaye miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi, kazi iliyofanywa na afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, aliyekuja kuikiri mwenyewe uzeeni.

Bado kuna swali la nne, lisilo na mvuto kwenye vikundi vya WhatsApp lakini linalopendwa na wanasheria: nani alimhamisha? Lumumba alikuwa amefungwa Thysville, mikononi mwa wakubwa wa Léopoldville. Kumpeleka Katanga kulihitaji uamuzi, ndege na mji unaokubali kumpokea. Swali hili ndilo lililobeba kesi ya familia yake huko Brussels kwa miaka yote hii, na watu wanaosubiri jibu la "nani alifyatua" hawakuliona likipita.

Tume si korti

Tume ya bunge la Ubelgiji ilimaliza kazi Novemba 2001. Ilifungua hifadhi za siri, ikahoji mashahidi, ikasaidiwa na wanahistoria wanne. Ikasema kwamba baadhi ya wajumbe wa serikali ya Ubelgiji ya wakati huo na Wabelgiji wengine walibeba dhamana ya kimaadili katika mazingira yaliyoleta kifo. Februari 2002 waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, akaomba radhi.

Dhamana ya kimaadili. Hapa Lubumbashi maneno hayo yalitafsiriwa haraka kuwa "Ubelgiji imekiri". Katika sheria hayana adhabu, hayana mshtakiwa, hayana rufaa. Tume ya bunge hailazimiki kuthibitisha bila shaka ya msingi. Inaandika historia kwa madaraka ya bunge. Mtu aliyetajwa humo hakupewa avoka wa kumhoji shahidi aliyemtaja. Ndiyo maana ripoti nzima, hata iwe nzito vipi, ikiingia kortini inakuwa taarifa ya kuanzia uchunguzi, na kila jambo ndani yake linathibitishwa upya.

Familia ya Lumumba ilielewa tofauti hiyo. Juni 2011 ilipeleka malalamiko Brussels dhidi ya Wabelgiji kadhaa waliotajwa kwenye karatasi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa muda: mauaji ya kawaida ya 1961 yalikuwa yamepitwa na ukomo wa kushtaki. Desemba 2012 mahakama ya rufani ilikubali kwamba jambo hilo linaweza kuchunguzwa kama uhalifu wa kivita, ambao hauna ukomo. Kikwazo cha pili hakina rufaa: mshukiwa akifa, mashtaka dhidi yake yanakufa naye. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Juni 2025 mwendesha mashtaka wa shirikisho alipoomba kesi ipelekwe mbele ya mahakama, alikuwa amebaki mmoja, mwanadiplomasia aliyekuwa kijana wakati ule na ambaye alikana. Tuhuma zilizoombwa zilihusu kufungwa na kuhamishwa kinyume cha sheria na kudhalilishwa. Nia ya kuua haikuwemo. Miaka 14 ya upekuzi, hifadhi tele, na ombi la mwisho likawa jembamba kuliko kichwa cha habari chochote. Mashtaka mapana huvunjika. Anayejua kazi hupunguza hadi kinachobaki kisimame.

Jino

Soete alijigamba kwenye televisheni kwamba alibaki na meno ya Lumumba. Mwaka 2016 polisi wa Ubelgiji walichukua jino moja kutoka kwa binti wa Soete. Tarehe 20 Juni 2022 lilikabidhiwa kwa familia, likapitishwa sehemu kadhaa za nchi, Lubumbashi ikiwemo, na kuzikwa Kinshasa tarehe 30.

Je, ni jino lake? Waendesha mashtaka walieleza kwamba hakuna uhakika wa asilimia mia: kipimo cha vinasaba kingeliharibu jino lenyewe, kwa hiyo hakikufanyika. Kinacholiunganisha na Lumumba ni maneno ya Soete na mahali lilipopatikana. Kwa familia na kwa taifa hilo lilitosha, na nani angethubutu kusema halikutosha? Kwa korti lingekuwa kielelezo chenye shimo katikati, na avoka wa utetezi angeuliza maswali mawili tu hadi wote wanyamaze: lilikaa wapi toka 1961, na nani alilishika?

Maswali hayo yanaitwa mnyororo wa mikono. Kila kielelezo, iwe risasi, jino au karatasi, kinahitaji orodha isiyokatika: kilitoka kwa nani, tarehe gani, kikakabidhiwa kwa nani, kikahifadhiwa wapi. Pete moja ikikosekana kielelezo hakitupwi lazima, lakini uzito wake unashuka. Hukumu nyingi zinazowakasirisha watu huku kwetu zinakwama hapo.

Kopi ya kopi

Uchunguzi wa Ndola, ule wa ndege ya Hammarskjöld, una bahati ya kuongozwa kwa miaka mingi na mtu anayesoma Kiswahili kama sisi, Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Jopo lake la 2015 lilipewa kazi ngumu: kuchukua madai yote yaliyokusanyika kwa nusu karne na kuyapima. Hawakuuliza kama dai ni kweli au uongo. Waliuliza lina nguvu gani ya kuthibitisha, wakalipanga: halina, dhaifu, ya wastani, kubwa.

Tazama kilichozipata zile barua za Afrika Kusini. Agosti 1998 askofu Desmond Tutu, mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano, alitangaza kwamba zimepatikana karatasi zinazozungumzia njama ya kumuua Hammarskjöld kwa bomu ndani ya ndege. Dunia ililipuka. Shida: waliokuja kuzichunguza walipata kopi tu. Karatasi ya asili ina umri, ina wino, ina alama ya mashine iliyoipiga chapa. Mtaalamu anaweza kuihoji karatasi hiyo kama anavyomhoji mtu. Fotokopi haihojiki. Bila za asili, karatasi hizo zilibaki mlangoni miaka yote, hazikataliwi wala hazikaribishwi ndani.

Ripoti zilizofuata za Othman zilifika kusema inawezekana, kwa kiasi cha kuaminika, kwamba shambulio au tishio la nje lilikuwa sababu ya ajali. Inawezekana. Pia aligeuza mzigo kwa namna ya ujanja: aliziambia nchi zenye hifadhi za upelelezi kwamba ni juu yao kuonyesha zimepekua kikamilifu. Nchi inayojibu "hatuna kitu" bila kueleza ilitafuta wapi haijajibu.

Ngazi za uhakika

Neno "ushahidi" kwa Kiswahili cha kila siku ni moja. Kazini lina ngazi. Ngazi ya chini ni tuhuma inayoeleweka, inayotosha kuanza kuuliza. Juu yake kuna ushahidi wa kutosha kumpeleka mtu mbele ya korti. Juu kabisa kuna uthibitisho usioacha shaka ya msingi, unaohitajika kutia mtu hatiani. Chini ya hapo shaka inamfaidia mshtakiwa.

Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, inajieleza wazi kwamba iko ngazi ya chini. Inaorodhesha matukio 617 ya ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ikianza na kufukuzwa kwa Wakasai hapahapa, Shaba ya wakati ule. Kila tukio lilihitaji angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Majina ya watuhumiwa yaliwekwa kwenye hifadhi ya siri Geneva, ile ambayo daktari Denis Mukwege wa Bukavu na wengine wanadai ifunguliwe. Kuhusu mashambulizi dhidi ya wakimbizi Wahutu, ripoti inasema baadhi ya mambo, yakithibitishwa mbele ya korti yenye mamlaka, yangeweza kuitwa mauaji ya kimbari. Rasimu ilivuja Agosti 2010, na kilichosafiri ni maneno matatu ya mwisho. "Yakithibitishwa mbele ya korti" iliachwa njiani.

Sisi tunaona madai ya kufungua hifadhi ile yana haki. Lakini ifunguliwe kwa nani kwanza? Akipewa mwendesha mashtaka mwenye uwezo wa kulinda mashahidi, majina ni mbegu ya kesi. Yakimwagwa kwenye intaneti, mashahidi wanatambulika kijijini kwa siku moja, wananyamazishwa au wanahama, na walioshukiwa wanapata muda wa kupanga maelezo.

Korti ya Kimataifa ya Jinai imeshaonyesha mara mbili, kwa kesi za Kongo, jinsi karatasi za siri zinavyoweza kuigeuka kesi. Juni 2008 majaji walisimamisha kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, kabla haijaanza kusikilizwa: mwendesha mashtaka alikuwa amepokea nyaraka zaidi ya 200, nyingi kutoka Umoja wa Mataifa, kwa ahadi ya usiri, na hakuweza kuwaonyesha watetezi hata zile ambazo zingemsaidia mshtakiwa. Ilichukua miezi hadi wenye nyaraka wakalegeza masharti. Kesi ikaanza Januari 2009. Halafu Desemba 2011, katika kesi ya Callixte Mbarushimana, kiongozi katika kundi la waasi la FDLR, kuhusu mauaji ya Kivu ya 2009, majaji wengi walikataa kuthibitisha mashtaka. Sehemu kubwa ya msingi ilikuwa ripoti za mashirika na za Umoja wa Mataifa zenye vyanzo visivyotajwa majina. Majaji hawakusema vijiji havikuchomwa. Walisema chanzo kisichojulikana hakihojiki, kwa hiyo uzito wake ni mdogo kisipoungwa mkono na kingine.

Wino mweusi

Mistari iliyofunikwa wino mweusi ndiyo chakula kikuu cha uvumi. "Wangeficha nini kama hakuna kitu?" Mara nyingi wanaficha jina la mtoa habari, jina la nchi iliyotoa habari kwa ahadi, namna ya kunasa mawasiliano, au anwani ya mtu asiyehusika. Ni kweli pia kwamba serikali hufunika aibu. Ukitaka kujua, linganisha matoleo: waraka huohuo ukitolewa mara ya pili baada ya miaka, wino hupungua, na unaona mwenyewe kilichokuwa chini yake. Machi 2025 Marekani ilipotoa makumi ya maelfu ya kurasa za mkusanyiko wa mauaji ya rais Kennedy karibu bila wino, waliotarajia muuaji mpya hawakumpata. Walichopata wengi ni majina ya mawakala, taratibu za kazi, na, kwa uzembe, namba za siri za hifadhi ya jamii za watu walio hai bado.

Faili ikifika kwenye simu yako

Tafuta kwanza ukurasa ulitoka wapi. Hifadhi kubwa huupa waraka namba ya sanduku, ya faili au ya rekodi, na mara nyingi huonekana pembeni au juu ya ukurasa. Ikikatwa kwenye picha, iombe. Ikikosekana kabisa, huna waraka, una picha ya maandishi. Soma ukurasa uliotangulia na unaofuata. Jina linaloonekana baya ukurasa wa 12 mara nyingi ni la mtu aliyetajwa kama shahidi ukurasa wa 11. Kisha andika kwa kalamu sentensi moja: "Waraka huu unathibitisha kwamba..." Ukishindwa kuimaliza bila neno "labda", umeshajua ngazi uliyopo.

Kusambaza kuna sheria yake nchini. Ibara ya 17 ya Katiba ya 2006 inasema mshtakiwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho, na neno "ya mwisho" lina kazi. Katika kesi ya fedha za mpango wa siku 100 wa rais Tshisekedi, Vital Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya rais, alihukumiwa miaka 20 mwaka 2020, ikapunguzwa kuwa 13 mwaka 2021, hukumu ikatenguliwa Aprili 2022 na Juni akaachiliwa huru. Aliyepiga muhuri wa "mwizi" au wa "malaika" katikati ya safari alikuwa amewahi kufika. Kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu anayemsingizia mtu hadharani jambo mahususi la kumvunjia heshima, siku 8 hadi mwaka mmoja jela. Kanuni ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inakwenda mbali zaidi: kifungu cha 360 kinamgusa anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu na pia anayeisambaza tu, mwezi mmoja hadi sita na faini ya franga 500.000 hadi 1.000.000. Kifungu hicho kinaweza kutumika vibaya dhidi ya waandishi wa habari, na wanaolalamika wana sababu. Lakini kipo, na "nimetumiwa" si utetezi.

Ukishika karatasi ya asili, ya baba aliyefanya kazi kampuni ya madini ya Gécamines au ya mjomba aliyekuwa polisi, usiiandikie juu, usiibane kwa pini, usiitoboe. Weka bahasha yake pia. Stempu na mhuri wa posta vina tarehe. Piga picha pande zote mbili, hata ule mtupu. Ukiituma, usiitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp: inabanwa, na taarifa za saa, simu na mahali zilizomo ndani ya faili zinapotea. Itume kama dokumenti, na ya asili ibaki kwenye simu au kadi iliyoipiga. Avoka atakushukuru. Septemba 2018 korti ya kijeshi ya Bukavu ilikubali, katika kesi ya mauaji ya Kalehe, picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness, kwa sababu programu hiyo hurekodi saa na mahali na kuonyesha kama picha imeguswa baadaye. Picha hizohizo zikitoka kwenye kikundi cha simu zingekuwa picha tu.

Na wazee. Aliyekuwa na miaka 20 barabara ya Likasi mwaka 1961 ana zaidi ya 80 leo. Mkimrekodi, mwacheni aseme jina, mwaka wa kuzaliwa na mahali alipokuwa akiishi, kisha simulizi lake lote bila kumkatiza. Baadaye rudini kwenye kila jambo na swali moja: "Baba, hilo uliliona mwenyewe au uliambiwa?" Andikeni majibu katika safu mbili. Safu ya "niliambiwa" msiifute. Chini ya kila mstari wekeni jina la aliyemwambia, na kama yu hai.